Kikombe cha Wageni

Otieno hajui kutoa habari mbaya. Alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa napanga pampu za kunyunyizia dawa mbele ya duka, akaanza kwa kuuliza bei ya mbegu za mahindi, akahamia kwenye mvua, akauliza kama goti langu limepona, na mimi nikajua kuna mtu amekufa.

"Nani?" nikamkatiza.

"Ni Mwalimu," akasema. "Jana. Alikuwa amekaa tu hapo nje anasoma gazeti." Kisha akaongeza haraka haraka, "Na Chebet amesema ukuje."

"Amesema Chebet ama umesema wewe?"

"Zuhura, si unanijua. Mimi ningekuogopa."

Nilikaa juu ya gunia la chakula cha kuku na wateja wakanisubiri. Mwalimu Macharia hakunifundisha darasani hata siku moja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyefutwa kazi kwa sababu ya mdomo wake, na mwaka ule ninaoukumbuka, mwaka wa uchaguzi, alikuwa akiuza vitabu vya mitumba karibu na soko na kuliongoza kundi letu la upinzani kutoka sebuleni kwake, mtaa wa Langa Langa. Sijawahi kuhama Nakuru. Kutoka dukani kwangu hadi kwenye mlango wa nyumba ile unatembea kwa miguu na hutoki jasho, lakini sikuwa nimeukanyaga mlango huo tangu nikiwa msichana. Mjini tulikuwa tukikutana, mimi na Mwalimu, na tukisalimiana vizuri kabisa. Aliniuliza habari za biashara, nami nikamuuliza habari za Chebet, mkewe, kisha kila mtu akashika njia yake. Zilikuwa salamu safi mno, za watu wasiodaiana neno, na kila mara nilirudi dukani nikiwa na hasira ambayo wafanyakazi wangu walishindwa kuielewa.

Sebule yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, redio iliyovalishwa kitambaa chake kana kwamba ingeshikwa na baridi, na kabati la vioo ambalo Chebet alilipenda kuliko kitu chochote mle ndani, Mwalimu akiwemo. Hayo alisema Mwalimu mwenyewe. Kabatini mlikuwa na vikombe vyeupe vyenye ukingo wa dhahabu, kila kimoja na kisahani chake, navyo vilitoka tu pasta akija, au wakwe, au mtu aliyesafiri kutoka mbali. Sisi wa Jumamosi tulikuwa na vikombe vyetu vya bati, vimening'inia kwa misumari kwenye ukuta wa jikoni, kila mtu na chake. Changu kilikuwa cha kijani, kimebanduka rangi mdomoni kwa namna ambayo ilinibidi nikigeuze kabla ya kunywa. Chebet alikuwa muuguzi. Akitoka zamu yake ya asubuhi alipika chai sufuria nzima, maziwa mengi, tangawizi iliyopondwa kwa chupa, na pembeni mahindi ya kuchemsha au viazi vitamu ambavyo ndugu zake walimletea. Tulikula tukibishana, na tukimaliza kila mtu aliosha, wanaume kwa wanawake, kwenye beseni lililokuwa nyuma ya nyumba. Wanaume wa mtaa ule walipita uani kwa makusudi ili wamwone Otieno akisugua sufuria.

"Kwa hii nyumba hakuna mgeni," Mwalimu alipenda kusema, amekunja mikono ya shati, povu hadi kwenye kiwiko. "Mgeni ni serikali, na tutamsindikiza mpaka barabarani." Majirani walituita watu wa chai.

Ni lazima nieleze kwa nini maneno hayo yalinishika. Mimi ni mtu wa Bondeni, mtaa wa hapa hapa Nakuru. Nilizaliwa hapo, na waliotutangulia walifika mjini hapa wakati reli ilikuwa ngeni bado. Lakini Nakuru ina swali lake ambalo kila mtu huulizwa mapema, na mimi jibu langu halikuwahi kutosha. "Kwenu ni wapi?" Bondeni. "Hapana, kwenu kabisa." Bondeni. "Aa, lakini kwenu, kwenu, mnakozikwa." Nikionyesha makaburi yetu ya hapa hapa mjini, mtu hucheka kwa upole kama vile nimekataa kumwambia siri. Wengine waliniambia wenyewe: "Nyinyi ni wa Mombasa." Mombasa nilikuwa sijafika. Basi Otieno, aliyekuwa fundi wa redio mlango wa pili na duka la agrovet, la mbegu na dawa za mifugo, nilikoajiriwa, aliponipeleka Langa Langa Jumamosi ya kwanza, nilikuwa nimeandaa jibu langu njiani. Chebet alinitazama kutoka kwenye ushungi hadi viatuni. "Unajua kumenya viazi?" akauliza. Nikasema najua. Akanipa kisu, akanipa beseni, akaendelea na kazi zake. Kufikia jioni nilikuwa na msumari wangu ukutani.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nilikuwa na mdomo, na ghafla nilikuwa na mahali pa kuupeleka. Walinipa kazi ya kuandika matangazo na hotuba kwa sababu walisema Kiswahili changu ni cha redioni. Mwalimu alizunguka chumba akisema mambo yake kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikuyu na Kizungu cha shule, mimi nikayapanga, kisha nikamsomea, naye akafumba macho na kusema, "Ni mimi nimesema hiyo? Mimi ni mkali hivyo?" Kutoka jikoni Chebet alimjibu kwamba ukali wake anaujua yeye, na kama anataka kuupima aje awashe jiko. Kulikuwa na vicheko vya namna hiyo wakati wote. Huko nje watu walikuwa wakikamatwa kwa kusema machache kuliko hayo, na Mwalimu mwenyewe alikuwa amewahi kuchukuliwa akarudi akichechemea, jambo ambalo hakulizungumzia. Hao ndio watu niliokuwa nao. Nawasema hivi mapema ili nitakapofika kwenye mabaya msije mkawachukia, maana mimi mwenyewe nilijaribu kuwachukia nikashindwa.

Katikati ya mwaka Mheshimiwa akahamia upande wetu. Jina lake halina kazi hapa, na watoto wake ni wateja wangu. Alikuwa mtu mkubwa wa chama tawala kwa miaka mingi, na alipokosa tiketi ya chama chake alivua shati la rangi ile akavaa letu, akaja na magari, vipaza sauti na vijana wa kupiga ngoma. Mwalimu alitangaza habari hiyo bado amesimama mlangoni. "Ameingia," akasema. Otieno aliruka juu ya kochi. Mtu akaanza wimbo. Chebet alitoka jikoni na mwiko mkononi kuona ni nani amevunja nini. Nilicheza pia, kwa muda kidogo, mpaka nikamkumbuka Mama Nyokabi.

Mama Nyokabi alikuwa mkulima wa Kabazi, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara, na siku za soko alikuja dukani kununua dawa ya kupe kwa chupa ndogo ndogo. Siku moja nilimuuliza kwa nini wao wa upande ule hununua dawa nyingi hivyo wakati josho la kuogeshea ng'ombe lipo. "Josho gani?" akaniambia. "Mheshimiwa alizungusha seng'enge. Amepanda ngano mpaka kwa mlango ya josho. Ng'ombe zetu tunaosha na tambara kama watoto." Alisema akicheka, lakini ng'ombe wake wa pili alikuwa amekufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, na safari iliyofuata alikuja akiwa hacheki. Huyo Mheshimiwa aliyezungusha seng'enge ndiye huyu tuliyekuwa tukimchezea ngoma sebuleni.

Nilimwambia Mwalimu. Nilimwambia vizuri, pembeni, tukiosha vikombe. Alisikiliza hadi mwisho, akasuuza kikombe chake mara ambazo hakikuhitaji. "Najua," akasema. "Watu wa Kabazi walinieleza zamani."

"Sasa?"

"Sasa tushinde kwanza, Zuhura. Tukishinda tutamuuliza."

"Akishashinda atatusikia na sikio gani?"

"Umetoka kuzaliwa juzi," akaniambia, kwa upendo kabisa, akanipangusa povu kwenye kipaji cha uso kwa mgongo wa mkono. Nilirudi kwenye mada hiyo Jumamosi iliyofuata, mbele ya wote, na iliyofuata tena. Mara ya kwanza walinibishia. Mara ya pili waliangalia mahindi yao. Otieno alinisindikiza hadi Bondeni akiniambia kwamba nina haki lakini nina haki kwa sauti kubwa.

Kisha tukaenda Kikopey. Mheshimiwa alitualika kundi zima kula nyama, kutushukuru kwa kumpokea. Chebet alikuwa zamu, hakuja. Tulikaa kwenye mabenchi marefu, moshi ukituingia machoni, malori yakinguruma barabarani kuelekea Gilgil, na Otieno, kama kawaida yake, alimwendea mwenye bucha kabla hatujaagiza. "Boss, hii imechinjwa na nani?" Akajibiwa ni Mwislamu, asiogope. Alirudi akaninyooshea kidole gumba. Alifanya hivyo kila tulipokula mahali pageni, bila mimi kumwomba, na mpaka leo nikisikia harufu ya nyama ya kuchoma hukumbuka kidole gumba cha Otieno. Nyama ikaletwa kwenye ubao, ikakatwakatwa, chumvi ikamwagwa pembeni, ugali, kachumbari. Mheshimiwa alikula vizuri, alicheka vizuri. Sikatai kwamba alipendeza. Alisema yeye sasa ni mtumishi wetu, na kwamba mtumishi huulizwa. "Niulizeni chochote," akasema, akifuta mikono. "Leo hakuna kuogopana."

Nikamuuliza. "Mheshimiwa, lile josho la Kabazi utawarudishia wenyewe lini?"

Sikupaza sauti, ila hakuna mkono uliorudi kwenye ubao wa nyama. Mheshimiwa hakukasirika. Alinitazama kwa huruma kama mtu anayetazama mtoto aliyepotea sokoni, kisha akamgeukia Mwalimu. "Huyu msichana ni wa wapi?"

Nilimtazama Mwalimu. Katika chumba chake nilikuwa nimemsikia akisema mara nyingi kwamba swali hilo ndilo lililoiua nchi hii. Kulikuwa na jibu jepesi, neno moja tu, wetu, na nilikuwa na uhakika nalo kiasi kwamba nilianza kutabasamu kabla halijatoka. Mwalimu alichukua kipande cha nyama, akakichovya kwenye chumvi. "Ni wa Bondeni," akasema.

"Aa," akasema Mheshimiwa. "Watu wa pwani." Watu wakacheka, vizuri tu, na mazungumzo yakaendelea. Otieno alinisukumia vipande vyenye mfupa, ninavyovipenda. Nilikula. Sijui kwa nini nilikula, lakini nilikula mpaka nikamaliza.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Langa Langa nikiwa tayari kwa ugomvi. Nilikuwa nimeupanga usiku kucha, na wao walikuwa wamepanga jambo ambalo sikuwa na silaha yake. Mlango ulifunguliwa kabla sijabisha. "Karibu, karibu sana," akasema Mwalimu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kochi la peke yake, lile la pasta, lilikuwa limeachwa wazi, na mbele yake kimewekwa kistuli chenye kitambaa cha kufuma. "Watu wa nyumbani hawajambo? Barabara ilikuwaje?" Mwalimu aliniuliza habari za barabara, mimi niliyetembea kutoka Bondeni kama Jumamosi zote. Otieno akatoka jikoni amebeba trei kwa mikono miwili, macho yake chini. Juu ya trei kulikuwa na kikombe cheupe chenye ukingo wa dhahabu, juu ya kisahani, na kijiko.

Hakuna aliyeniambia neno baya siku hiyo, na sitaki mtu adhani waliniambia. Walinipa mahindi machanga kuliko yote, wakanipa na kitambaa cha kufutia mikono. Wakazungumza nami juu ya mvua. Walipotaka kuzungumza mambo ya kampeni waliinuka mmoja mmoja kwenda jikoni, na mle jikoni nikasikia sauti zikipanda, Mwalimu akisema jambo, kicheko, mtu akisema "polepole, yuko hapo." Mimi nilibaki sebuleni na mtu aliyeachiwa zamu ya kunizungumzisha. Nilipoinuka na kikombe changu kwenda kuosha, walisimama watatu. "Aa, kaa tu. Mgeni hafanyi kazi."

Niliendelea kwenda. Kiburi changu kilinituma niende, nikidhani watachoka. Hawakuchoka. Mtu wa kwetu akiamua kukukirimu humwezi. Nilienda mapema ili nimenye viazi, nikakuta vimeshamenywa. Niliingia jikoni kwa nguvu, nikaona msumari wangu uko mtupu. Siku moja nililishika trei la vyombo vichafu na Otieno akalishika upande wa pili, tukavutana pale katikati ya sebule, watu wazima wawili, vikombe vikigongana.

"Otieno, hata wewe?"

"Zuhura, tafadhali kaa. Usinifanye nichague leo, nimechoka."

Nilimtazama Chebet, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa begani. Nilitaka aseme neno. Yeye alisema tu, "Chai yako inapoa." Nikaliachia trei. Nilikaa, nikainywa chai hadi mwisho, tamu, moto, imewekwa tangawizi ya kutosha, na nilipotoka nilimshukuru kwa jina lake kamili. Sikurudi tena.

Nimeketi kwenye mikutano mingi tangu wakati huo, ya soko, ya msikiti, ya wenye maduka. Nimetukanwa katika baadhi yake na nikalala vizuri. Kilichonilaza macho nikiwa msichana ni kikombe. Mtu akikutukana bado anakuhesabu. Wale walinipandisha cheo mpaka nikawa nje, na singeweza hata kwenda kulalamika kwa mtu, maana ningesema nini? Kwamba wamenipa kiti kizuri? Matangazo yao yaliyobandikwa mjini yakawa na Kiswahili cha kuumiza meno, nami nikayasoma yote, hadi mwisho, barabarani. Siku ya kura nilipigia chama chetu kila mahali isipokuwa kwenye jina la Mheshimiwa, ambapo niliacha wazi. Tulishinda. Usiku ule mji mzima ulipiga honi, na nilifurahi kweli, niko peke yangu juu ya ngazi ya nyumbani, nikijua hasa ni wimbo gani unaoimbwa Langa Langa. Mheshimiwa alipata kiti chake. Alileta umeme sehemu fulani, alijenga darasa au mawili, alizeeka. Seng'enge ya josho iko pale pale hadi leo. Mimi ndiye ninayewauzia watu wa Kabazi pampu za mgongoni za kunyunyizia ng'ombe, hata mjukuu wa Mama Nyokabi hununua kwangu, na kila ninapouza moja humkumbuka Mwalimu na kipande chake cha nyama kwenye chumvi.

Sasa alikuwa amekufa, na Chebet amesema nije. Nilivaa buibui jeusi, nikatembea. Uani walikuwa wameweka turubai na viti vya plastiki vya kukodi. Watu wa kanisa walikuwa wakiimba taratibu, na vijana nisiowajua wakiandikisha watakaosafiri kwenda mazishini. Niliwatambua watatu au wanne wa zamani kwa mabega yao tu, nywele zimekwisha. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Kabla sijapumua, binti mmoja mwenye adabu aliniletea chai, na kwenye trei lake, nakuapia, kulikuwa na kikombe cheupe chenye ukingo wa dhahabu uliofifia. "Karibu, mathe," akasema. Nilikipokea. Nikajiambia nimalize, nitoe pole, niondoke kama mtu mzima.

"Nani amempatia huyo kiti?"

Ilikuwa sauti ya Chebet. Amekuwa mdogo kimwili, leso imefungwa kiunoni, macho yamevimba, lakini sauti ni ile ile ya wodini. Watu wakageuka. Alikuja akanichukua kikombe mkononi, akampa binti. "Hii ni ya wageni," akamwambia. Kisha kwangu: "Sufuria ziko nyuma. Wewe umekuja kukaa?"

Nilimfuata. Beseni lilikuwa mahali pake, kubwa zaidi, na Otieno alikuwa ameinama juu yake na tumbo lake la uzee, mikono imejaa masizi. Alisogea kunipa nafasi bila kuniangalia. Nilikunja buibui, nikavua saa. Kwenye kidirisha cha bafu la nje, juu ya ukuta, niliona kitu cha kijani. Kilikuwa kikombe changu, kimebanduka pale pale mdomoni, na ndani yake brashi ya kunyolea, povu limekauka pembeni.

"Alikuwa ananyolea ndevu," Chebet akasema. "Miaka yote hii. Nilimwambia atupe hiyo takataka, akasema mwenyewe atakuja kuidai."

Nikasema angeniambia. Nilikuwa nikikutana naye mjini, angeniambia.

"Macharia? Aseme?" Alicheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine, akajifuta kwa leso. "Mpaka juzi alikuwa anasema ulikosea. Anaongea na gazeti. 'Zuhura alikosea, angengoja.' Nilikuwa namwambia, wacha basi, si hayuko hapa. Anasema, ndiyo, hayuko."

Nikamuuliza swali nililolibeba tangu siku ya trei. Nilimuuliza kwa nini yeye, aliyenipa kisu cha viazi siku ya kwanza, aliwaacha wanitolee kikombe kile.

Chebet alinitazama kama anayemtazama mgonjwa aliyekosea kumeza dawa. "Niliwaacha? Mimi ndiye nilikitoa. Baada ya hiyo Kikopey yenu walikuja hapa, wakainua mikono, wote, wakasema usiingie tena. Nifunge mlango ukibisha. Huyu pia aliinua." Otieno alizidi kuinama. "Nikawaambia kwa mlango yangu mgeni hafukuzwi. Kama mmesema si mmoja wenu, basi ni mgeni wangu, na atakunywa chai na ile kikombe ya pasta, na mtaosha nyinyi. Nilidhani utaelewa."

"Nilidhani unanifukuza."

"Ningekufukuza ningekunyima chai."

Nilikuwa nimeishi miaka mingi nikikichukia kikombe kilichoniwekea mlango wazi, na bado, hata nikiwa nimelijua hilo, kiliniuma, kwa sababu sikutaka kuwa mgeni wa mtu yeyote katika nyumba ile, hata wake. Nilimwambia hivyo. Alitikisa kichwa. "Najua," akasema. "Niliona siku ile ulinishukuru na jina yote." Akanishika bega kidogo, mkono wake una harufu ya kitunguu, akarudi jikoni. Tuliosha, mimi na Otieno, mimi nasugua na yeye anasuuza. Upande wa mbele walikuwa wameanza wimbo mwingine. Machozi yalinitoka nikayaacha, kwa kuwa mikono ilikuwa na sabuni.

"Lakini kusema kweli," Otieno akaanza, baada ya muda, akiongea na sufuria, "ungengoja tushinde."

"Tulishinda, Otieno. Josho liko wapi?"

"Unaona sasa. Unaona. Mtu hajazikwa na umeanza."

"Umeanza wewe."

"Mimi nimesema tu ungengoja. Kuna njia ya kuuliza mtu."

"Alisema tumuulize chochote."

"Hiyo husemwa tu. Nani huulizaga?"

Tulikuwa tumepaza sauti. Mwimbaji mmoja wa kanisa alichungulia kona ya nyumba kuona kuna nini, akarudi upesi. Chebet akatoka, mwiko mkononi, nami nikanyamaza nikitarajia kuambiwa niheshimu matanga. Aliichukua sufuria kubwa niliyokuwa nimeimaliza, akainyanyua kwenye mwanga, akaizungusha, akapitisha kidole ndani.

"Hii bado ina masizi," akasema, akanirudishia. "Rudia."

Nikarudia.